Barua za Deni la Mwengine: Amana Iliyoingia Mlangoni Pako



Mji wa Nairobi umekuwa makao ya wengi katika vijana wetu wa Mwambao. Mtoto humaliza masomo yake Mombasa, au Lamu, au Malindi, akaitwa kazini huko bara, akapanga nyumba Kilimani au Kileleshwa au Kawangware, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Mchana yumo mjini, baina ya Moi Avenue na Kenyatta Avenue, na usiku hurudi chumbani kwake. Nyumba za huko, khasa yale majumba marefu ya upande wa magharibi, si kama nyumba zetu za Mji wa Kale ambazo baba humwachia mwana. Huyu hutoka mwezi huu, na yule huingia mwezi ujao, wala hawajuani hata kwa sura. Kwa hivyo limekuwa ni jambo la kawaida mtu kuingia nyumba mpya, na kabla hajamaliza kufungua mizigo yake akaletewa barua isiyokuwa yake: jina si lake, na ndani yake mna madai ya deni.

Mmoja katika wanafunzi wa darsa letu yalimfika hayo. Alipanga nyumba Kilimani, karibu na Argwings Kodhek Road. Wiki ya pili askari wa lango akampa bahasha mbili zenye jina la aliyekuwamo kabla yake. Akazitia takatakani, akasema: Mimi yanihusu nini? Zikaja nyengine tatu, nazo akazitupa. Mwezi wa nne akaja mtu na karatasi ya mahakama, akataka kuingia aandike vyombo vilivyomo ndani. Kijana akaingiwa na khofu, akakaribia kutoa pesa zake kulipa deni asilolijua, ili tu aondokewe na fazaa ile. Mwenye nyumba alipokuja na mkataba wa upangaji ndipo yule mtu alipokwenda zake.

Baada ya siku kijana akaonana na yule mpangaji wa kwanza. Hakumgombeza, ila alimwambia kwa masikitiko: "Katika barua zile mlikuwamo moja ya kunipa muhula nilipe kidogo kidogo. Mimi nilikuwa kwetu nikimuuguza mama. Muhula ukapita nisijue, na hukumu ikatolewa nami sipo."

Kijana akatuuliza: Je, nina dhambi? Na lipi lililonipasa kulifanya? Somo letu la leo ni jawabu ya suali hilo.

JAMBO LA KWANZA: DENI NI LA NANI?

Deni ni la aliyekopa. Kanuni ya kuwa nafsi haichukui mzigo wa nafsi nyengine imetajwa katika Qur'ani zaidi ya pahala pamoja, kama katika Suratul An-aam aya ya 164 na Suratul Israa aya ya 15. Deni halihamii kwa mtu mwengine illa akiwa amelidhamini kwa khiari yake, au amekubali kuhawilishiwa. Na mtu akifa, deni lake hulipwa katika mali aliyoiacha kabla ya warithi kugawana.

Tazama kisa kilichopokewa na Imam Bukhari. Lililetwa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari tatu, wala hakuacha cha kulilipa. Mtume (S.A.W.) akawaambia Masahaba wamsalie wao. Hapo Abu Qatada akasema kuwa deni lile liko juu yake, ndipo Mtume akamsalia. Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, ni uzito wa deni. La pili, ni kuwa Abu Qatada hakuwa na wajibu wowote mpaka alipojifunga mwenyewe kwa ulimi wake. Basi ikiwa Sahaba aliyesimama mbele ya jeneza hakulazimika mpaka alipotamka, vipi atalazimika mtu ambaye sababu yake yote ni kulala katika chumba alicholala mwengine?

Na sharia za serikali ya Kenya nazo ndivyo zilivyo. Zile afisi zinazoweka khabari za wakopaji, ambazo huendeshwa chini ya kanuni za Benki Kuu ya Kenya, humwandika mtu kwa namba ya kitambulisho chake. Hazimwandiki kwa mlango wa nyumba. Mwenye shaka ana haki ya kupata nakala moja ya khabari zake kila mwaka bila ya malipo, ajionee mwenyewe. Hata huko Uingereza, ambako barua hutiwa katika mlango wa kila nyumba na wapangaji wengi huingiwa na khofu hii hii, sifa ya mkopaji humfuata mtu wala haiwi juu ya jengo.

Tumesikia wengine wakisema: "Nyumba ile ina nuksi, kila aingiaye hudaiwa," na wakashauriana kuifukiza. Haya ni mambo ya kuacha. Matofali hayakopi, na ubani haujibu barua. Jawabu ya barua ni barua.

JAMBO LA PILI: BARUA NI YA NANI?

Hapa ndipo kijana wetu alipoteleza. Alijua kuwa deni si lake, akadhani kuwa na barua haimhusu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Deni si juu yako, lakini barua imo mkononi mwako.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wametaja katika mlango wa amana mfano wa nguo iliyopeperushwa na upepo ikaangukia nyumbani kwa mtu. Mwenye nyumba ile hakuiomba, wala hakuna aliyempa aiweke. Walakini maadamu imeingia kwake naye anajua, ni juu yake kuirudisha kwa mwenyewe au kumpa khabari, wala haifai aikalie kimya au aiharibu. Barua ya mpangaji aliyehama ni kama nguo ile. Upepo umeileta kwako, nawe umekuwa mlinzi wake hata kama hupendi. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratun Nisaa aya ya 58 kuwa amana zirudishwe kwa wenyewe, wala hakubagua amana tuliyoitaka na ile iliyotujia.

Na kuifungua je? Suratul Hujurat aya ya 12 imekataza kupeleleza mambo ya watu. Iko pia hadithi iliyopokewa na Abu Daud ya kumuonya anayetazama barua ya nduguye bila ya idhini. Hadithi hiyo Abu Daud mwenyewe ameeleza kuwa njia zake ni dhaifu, nasi hatupendi kuwaficha wasomaji wetu jambo kama hilo. Lakini maana yake imetiliwa nguvu na aya tuliyoitaja, na aya inatosha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya kuhifadhiwa siri ya mawasiliano yake.

Basi mambo manne hayafai. Kuifungua, kwa kuwa ni kupeleleza. Kuitupa, kwa kuwa ni kuikhini amana. Kuionyesha kwa askari wa lango na majirani, kwa kuwa ni kumvunjia mtu heshima yake naye hayupo. Na kulipa kwa khofu, kwa kuwa hukulipa kwa ajili ya Mungu wala hukulipa deni lako, na huenda ukamfanya mdai aamini kuwa wewe na yule ni kitu kimoja.

JAMBO LA TATU: LIPI LA KUFANYA?

Kenya si nchi ambayo tarishi wa posta hugonga kila mlango. Barua huja kwa njia tatu, na kila moja ina dawa yake.

Njia ya kwanza ni sanduku la posta. Wako waliokodi masanduku yao, na wako wanaotumia sanduku la kazini au la mwenye jengo. Sanduku lililoachwa huweza kupewa mtu mwengine, na barua za mwenye kwanza zikawa zinaendelea kuingia. Hizi ndizo nyepesi kuliko zote. Usizifungue. Andika juu ya bahasha: "Hayupo kwa anwani hii. Rudisha kwa aliyeipeleka," utie tarehe, kisha uzipeleke posta iliyo karibu nawe, au katika Posta Kuu ya Kenyatta Avenue ukiwa mjini, uzikabidhi dirishani.

Njia ya pili ni mkono wa mjumbe. Karani wa wakili au kijana wa pikipiki huleta barua mpaka langoni. Hapa usitie saini ya kupokea kitu kisichokuwa chako. Mwambie kwa adabu kuwa mtu huyo amehama, na umtake aandike hivyo katika daftari lake. Mwagize na askari wa lango, kwa kuwa aghlabu yeye ndiye anayetia saini bila ya kusoma.

Njia ya tatu ni simu. Namba ikiachwa na mwenyewe hurudishwa sokoni, akauziwa mwengine, naye akaanza kupata madai ya mikopo ya simu asiyoikopa. Hii nayo ni nyumba mpya yenye barua za mpangaji wa kale. Jibu mara moja kwa maandishi kuwa namba imebadilika mwenyewe, uhifadhi jawabu yako, kisha usibishane tena. Wala usikubali kutishwa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 juu ya wakopeshaji wa simu zimekataza vitisho, matusi, na kuwapelekea madai watu waliomo katika orodha ya simu ya mkopaji. Na mwezi wa Septemba mwaka 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu wasiohusika na deni. Afisi hiyo hupokea mashtaka ya mtu yeyote aliyeudhiwa.

Ikiwa barua zaendelea kuja baada ya hayo, mwandikie anayedai. Suratul Baqarah aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imekuja kutufunza kuandika mambo ya deni. Basi ikiwa mwenye deni ameamrishwa kuandika, asiyekuwa nalo naye ajilinde kwa kuandika. Mfano wa barua ni huu:

"Kwa anayehusika. Mimi ni mpangaji wa nyumba hii tangu tarehe fulani. Mtu mnayemwandikia hakai hapa. Mimi si jamaa yake, wala mshirika wake, wala mdhamini wake, na vyombo vilivyomo humu ni mali yangu. Barua zenu nimezirudisha bila ya kuzifungua. Nakuombeni muiondoe anwani hii katika khabari zake mlizonazo, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019."

Weka nakala. Wala usitie humo namba ya kitambulisho chako au nakala yake. Mtu asiyekudai hana haja nayo, na namba hiyo ndiyo ambayo madeni hufuata.

JAMBO LA NNE: KARATASI ZA MAHAKAMA

Karatasi ya mahakama si kama barua nyengine, na kuinyamazia kuna madhara makubwa zaidi. Sharia ya kesi za madai ya Kenya inamruhusu mjumbe wa mahakama, akiwa amemtafuta mshtakiwa asimpate, kuibandika samansi katika mlango wa nyumba anayokaa. Sasa fikiri: mjumbe amebandika karatasi katika mlango wako akidhani ni mlango wa fulani. Wewe ukaibandua, ukaitupa. Mjumbe atarudi Milimani aape kuwa ameifikisha. Siku ya kesi mtu hatokei, na hukumu hupita juu ya mtu ambaye hakuisikia kesi. Siku hizi mambo haya huenda kwa haraka, kwani iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Milimani mwaka 2021, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na imetakiwa kumaliza kesi kwa siku 60.

Kwa hivyo karatasi iliyobandikwa, kwa kuwa iko wazi, isome upate namba ya kesi na jina la wakili. Kisha mwandikie wakili huyo na afisi ya mahakama kuwa mshtakiwa alihama kabla ya tarehe fulani, utie nakala ya mkataba wako. Na mwenye nyumba au wakala wake umpe khabari siku hiyo hiyo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye namba ya simu ya aliyehama. Kazi hii huenda ikakuchukua saa moja, nayo yaweza kumwokoa ndugu yako na hukumu ya miaka.

Akija dalali wa mnada, usipigane naye wala usimkimbie. Mtake akuonyeshe leseni yake na amri ya mahakama, na utazame jina lililoandikwa. Dalali hana haki ya kuvunja mlango kwa ubabe wake. Mali ya mtu mwengine haiuzwi kwa deni la fulani, na mwenye mali akiwa vyombo vyake vimeandikwa, kanuni za kesi za madai za mwaka 2010 zimempa njia ya kuipelekea mahakama pingamizi kwa maandishi, na mnada ukasimamishwa mpaka isikizwe. Lakini upesi watakiwa, kwa kuwa aghlabu muhula wa vyombo vilivyoandikwa ni siku saba tu. Hapo ndipo utakapojua faida ya kuhifadhi risiti ya friji, na risiti ya kitanda, na mkataba wa nyumba.

MASUALI

Suali: Ikiwa nimeifungua barua kwa kutotazama jina?

Jawabu: Kukosea si dhambi. Ifunge, andika juu yake kuwa imefunguliwa kwa makosa, uirudishe. Uliyoyaona yaishe kwako.

Suali: Mdai akiniuliza alipohamia yule mtu, nami napajua?

Jawabu: Hapa pana haki mbili. Mdai ana haki ya mali yake, na kumsaidia mtu kukimbia deni ni kusaidiana katika dhulma, jambo lililokatazwa katika Suratul Maida aya ya 2. Na aliyehama ana haki ya kutoanikwa kwa kila anayepiga simu, kwa kuwa hujui anayeuliza ni mdai wa kweli au ni tapeli. Basi usiseme uwongo. Sema: "Amehama, nami nitamfikishia khabari yako," kisha umfikishie kweli. Ama mahakama ikikuuliza, sema ukijuacho.

Suali: Ikiwa aliyeandikiwa amekwisha kufa?

Jawabu: Hiyo ndiyo barua ya kuihifadhi kuliko zote. Deni la maiti hutangulia urithi, kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 11 na ya 12. Huenda warithi wakagawana mali wasijue kuwa marehemu alikuwa akidaiwa, na karatasi pekee ya kuwajulisha ni ile iliyoangukia mlangoni pako. Ifikishe kwa jamaa zake, na umjulishe aliyeipeleka. Kadhi huamua mirathi yao, lakini madai ya benki au ya duka hayaamuliwi kwa kadhi. Hayo huenda katika mahakama nyengine.

Suali: Na deni la stima na maji?

Jawabu: Hili ndilo lenye kutatiza, kwa kuwa akaunti ya stima huwa juu ya mita, na ya maji juu ya nyumba. Deni si lako, lakini maji hukatwa kwako. Kwa hivyo kabla ya kutia saini mkataba, chukua namba ya mita, uitazame katika Kenya Power kwa kupiga *977#, na ya maji uiulize katika kampuni ya maji ya Nairobi. Andika vipimo vya siku ya kuingia, mwenye nyumba atie saini. Likionekana deni la kale, ni juu yake kulimaliza na aliyetoka kabla ya wewe kuingia. Ukisha kuingia, maneno huwa mengi.

MWISHO: NAWE PIA UTAHAMA

Ndugu zetu, tumesema mengi juu ya anayeingia. Lakini barua hizi zisingekuwako lau anayetoka angeliyatimiza yaliyo juu yake. Wewe unayehama leo ndiye utakayekuwa "yule mpangaji wa kwanza" wa mwenzio kesho. Lipa stima na maji mpaka siku ya mwisho, uchukue risiti. Badilisha anwani katika benki, katika chama cha akiba, na kwa kila anayekudai. Acha namba yako kwa mwenye nyumba. Na ikiwa deni limekushinda, usimkimbie mdai kwa kubadilisha mtaa kutoka Kawangware kwenda Kangemi. Mwendee, umwombe muhula, kwa kuwa Suratul Baqarah aya ya 280 imemtaka mdai ampe nafasi mwenye dhiki mpaka apate wasaa. Lakini muhula huo hupewa anayejulikana alipo.

Ama kijana wetu, tulimjibu hivi: Hukukusudia ubaya, na Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Lakini umemkosesha mtu jambo lake, basi msamaha wake ni wa kuombwa kwake. Alikwenda akamwomba, naye akasamehewa. Wakafuatana mpaka Milimani, kijana akatoa mkataba wake na kueleza kwa maandishi kuwa samansi ilifika katika nyumba ambayo mwenzake alikuwa amekwisha kuhama. Wakili wa yule ndugu akaitumia karatasi hiyo kuomba hukumu irejewe.

Basi ndugu yangu, ikikujia bahasha yenye jina la mwengine, kumbuka mambo haya: usiifungue, usiitupe, usiitangaze, wala usilipe. Irudishe, uandike, uhifadhi nakala. Na uiombee kheri nafsi ambayo huijui, kwa kuwa huenda siku moja barua yako ikaanguka mlangoni pake.

Wabillahi tawfiq.